Mpira Ulikuwa wa Kipa

11 Januari 1998

Mdogo wangu Komeo,

Pokea salamu za watu wote wa nyumba hii, wazima na wanaojikongoja. Mimi nipo, macho tu ndiyo yameanza kunigomea; kutunga uzi kwenye sindano siku hizi namwita binti yangu. Shemeji yako bado yuko kiwanda cha mbao, wamempangia zamu ya asubuhi, kwa hiyo saa nane mchana ananijia na njaa yake na maoni yake. Msalimie sana wifi yangu. Watoto waambie shangazi yao ameipata picha, ila mkubwa amerefuka mpaka mpiga picha amemkata kichwa.

Sasa nikuambie lililonikalisha kitako. Daktari alikuja Jumanne kumwona Sumaku. Alimpima, akataniana naye kidogo, halafu akanivuta kwenye varanda, pale tunapoweka ndoo za kudekia. Figo zimechoka. Miaka kumi na sita ya kulala na kukalishwa, mirija na vidonda vya mgongo, zimefika mwisho wa uwezo wao. Nikamuuliza ni muda gani. Alitaja miezi, mwaka hakuutaja.

Niliporudi ndani Sumaku akanitazama akasema, "Mbona umerudi na uso wa mazishini? Si mimi ndiye mgonjwa?" Huyo ndiye mdogo wetu, mdomo wake ndio kiungo pekee kisichowahi kuugua. Kisha akasema, "Mwandikie kaka aje. Nina swali moja nataka kumuuliza, tena uso kwa uso, si la kwenye barua."

Swali lenyewe hataki kunitajia. Lakini mimi ndiye ninayeshinda naye, najua anakoishi kichwani mwake. Siku ile imefutika kwake yote, tangu alipovaa glavu mpaka alipozinduka hospitali siku ya kumi na moja. Anachokijua ni kile ulichomwambia wewe pale kitandani: krosi ilikuja, yeye kipa hakuita mpira, wewe beki ukaruka kuokoa, goti lako likamkuta shingoni. Mpaka leo ananiuliza mimi. Je, jua lilikuwa machoni? Je, midomo yangu ilicheza hata kidogo? "Kipa asiyeita ni kipa gani, dada?" ananiambia. Namjibu kwamba hayo ni ya zamani, anywe supu.

Njoo, Komeo. Tangu uondoke hujakanyaga hapa ila siku mbili za msiba wa baba, na hizo mbili ulishinda nje na waombolezaji. Safari hii njoo ukae.

Dada yako


22 Februari 1998

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilichukua wiki tatu njiani, sijui waliileta kwa miguu. Hapa baridi ni kali, mabomba ya jikoni yaliganda, tukawa tunayapasha kwa mashine ya kukaushia nywele ya wifi yako. Yeye bado ni dobi wa hospitali, mikono imemchanika kwa sabuni. Watoto wazima. Mkubwa kichwa anacho, nimemhakiki mwenyewe.

Habari za Sumaku zimeniumiza. Nimemtumia godoro la hewa, lile wanalotumia hapa kwa watu wasiogeuka wenyewe. Litafika kwa ndege. Msilijaze sana.

Kuja nataka, dada, Mungu shahidi. Lakini goti la kulia wamelifungua mara ya tatu, sasa lina mishono mingi kuliko magauni yako. Tena hii kazi ya ukocha msaidizi inanibana, na katikati ya msimu hakuna anayeniachia. Msimu ukiisha tutazungumza.

Msomee Sumaku kisa hiki acheke. Sikuwahi kuwaambia kwa nini timu yangu ya kwanza huku iliniuza. Msimu wangu wa tatu washambuliaji wa huku waligundua ugonjwa wangu: mtu yeyote akiita mpira nyuma yangu, mimi nauacha. Sichagui sauti. Basi tuko nusu fainali ya kombe, kona imepigwa, nasikia neno lao lile la kipa, "Wangu!", kwa sauti nzuri kabisa. Nikaacha. Tena nikageuka na mgongo, nikaanza kutembea kwenda katikati ya uwanja. Kumbe aliyeita ni mshambuliaji wao, mpira akausukuma wavuni kwa kifua, bila hata kuruka. Kipa wetu akanijia na ngumi, "Nani amekuambia uache?" Tangu siku ile washabiki wakanibatiza Mlango Wazi. Kutoka Komeo mpaka Mlango Wazi, ndiyo riwaya yangu nzima hiyo.

Wasalimie wote.

Mdogo wako


15 Machi 1998

Komeo,

Marahaba. Godoro limefika, shemeji yako amelijaza kwa pampu ya baiskeli na amejiona mhandisi. Sumaku anasema anaelea. Kidonda cha nyonga kimeanza kukauka, ahsante. Binti yangu amefaulu, ameanza chuo cha ualimu. Mvua ilitoboa paa la jikoni, limezibwa.

Kisa chako nimemsomea. Hakucheka. Aliniambia nirudie pale kipa alipokujia na ngumi. Nikarudia. Akasema, "Kumbe kaka akiitwa huacha." Nikadhani ameishia hapo. Nilipokuja kumgeuza saa kumi, nikamkuta machozi yameingia masikioni, maana kuyafuta hawezi. Akasema, "Basi hata siku ile angeacha, kama ningeita."

Umeona ulichofanya na kichekesho chako? Ulitaka kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, ukamtia msumari palepale.

Jumamosi hupenda nimsukume kwa kiti chake cha magurudumu mpaka uwanja wa shule, wasichana wana timu yao pale. Kipa wao ni binti mrefu mwenye mikono mizuri lakini bubu kabisa golini. Juzi Sumaku alimwita akamwambia mbele ya wenzake, "Nitazame vizuri. Mimi sikuita. Wewe ita, hata kama unaona haya." Yule binti akalia. Mwalimu wao akaja kuniomba nisimlete tena kwa muda, anawatisha watoto. Nimemwambia Sumaku kwamba gurudumu la kiti limelegea.

Msimu wako unaisha lini? Nijibu hilo tu, mengine nitayasubiri.

Dada


30 Mei 1998

Komeo,

Hatujambo. Miezi miwili na nusu sijapata hata bahasha tupu.

Sumaku alilazwa siku tisa. Alivimba miguu, ikawa kama ya mtu mwingine. Wametoa maji, amerudi nyumbani, amepungua mpaka namwinua peke yangu. Kila mtu wa posta akipita ananiuliza, na mimi nimechoka kumwambia labda kesho. Amesema kama ni nauli inayokukwamisha, tuuze godoro. Hiyo ni kauli yake, nimeiandika ilivyo.

Mimi ni mkubwa wako, sijawahi kukulazimisha jambo. Leo nakulazimisha. Njoo umtoe yale yaliyomkaa rohoni kabla hajaondoka nayo. Ni wewe tu unayeweza.

Dada


16 Juni 1998

Dada,

Barua zako zote ninazo, ziko kwenye droo ya soksi. Wifi yako na watoto wanakusalimu.

Kwanza nikutoe tongotongo. Mimi si kocha msaidizi wa mtu. Ni mtunza uwanja wa shule. Naja asubuhi na toroli la chokaa, nachora mistari, napaka rangi milingoti, najaza upepo mipira, watoto wakimaliza nafagia vyumba vya kuvalia. Hakuna hapa anayejua kwamba nilicheza miaka kumi na minne. Nilitaka iwe hivyo. Kila Ijumaa nachora ile mistari ya boksi kwa kamba na misumari, na kila Ijumaa nikifika pale mbele ya goli nachora haraka niondoke. Sasa unajua.

Unasema ni mimi tu ninayeweza. Hilo ndilo lililonifanya nisijibu, nikiogopa nitakachoandika. Acha niandike. Wewe ulikuwa nyuma ya goli, dada. Mlingoti wa kushoto, na ule mfuko wako wa chupa za maji. Ulisimama pale kila mechi kwa sababu Sumaku alikuwa akipenda kukuona. Mimi nilikuwa hatua sita kutoka kwake, wewe ulikuwa tatu. Nilichokisikia mimi, wewe ulikisikia vizuri zaidi.

Unakumbuka jioni ile jikoni, baba alipofunga mlango? "Aliyeumia ameumia. Huyu mwingine asipotee naye. Asemalo Komeo ndilo lililotokea." Mimi niliinamisha kichwa. Wewe ulikuwa unaosha sufuria, na uliendelea kuosha. Mkataba wangu ulisainiwa mwezi uliofuata, na hilo paa linalotobolewa na mvua lilitoka humo.

Miaka kumi na sita unamlisha kwa kijiko, anakuuliza kila siku kama midomo yake ilicheza, nawe unamwambia anywe supu. Leo unataka mdomo wangu ufunguke, wako ubaki umefungwa. Usinifanyie hivyo.

Komeo


4 Julai 1998

Mdogo wangu,

Hukunipa shikamoo. Nimeona.

Barua yako nimeisoma chooni, mlango nimeukomea, maji nimeyafungulia. Msimu wa sare za shule umeanza, nina sketi arobaini na mbili za kupinda na cherehani inaruka nyuzi. Shemeji yako anaumwa jino.

Nimeandika barua hii mara nne. Zile tatu zilikuwa na sababu nyingi, nimezichoma. Ulichoandika kiko kama ulivyokiandika.

Kama huwezi kuja upesi, andika. Iandike kwa jina lake, mweleze mwenyewe, nitamsomea neno kwa neno. Yangu niachie, nitajua pa kuyatua.

Fanya haraka. Sasa analala zaidi kuliko anavyokuwa macho.

Dada


25 Julai 1998

Mdogo wangu Sumaku,

Dada atakusomea hii. Ukichoka mwambie apumzike, ila asiache katikati. Wapwa zako... hapana, naona hata uhusiano nimeusahau, watoto wangu si wapwa zako, ni wanao. Wanao wanakusalimu. Mkubwa anadaka. Sikumfundisha.

Nakueleza siku ile.

Asubuhi kocha aliniambia kwamba yule mtu wa ng'ambo anayetafuta wachezaji yuko jukwaani, kofia nyeupe, na kwamba amekuja kwa ajili yangu. Nilicheza kipindi cha kwanza chote nikimtazama yeye kuliko mpira. Na mpira haukuja kwangu. Unajua wewe, siku nyingine beki anasimama tu kama mlinzi wa benki. Walishambulia upande wa pili, vijana wetu wakazima kila kitu, mimi sikupiga hata kichwa kimoja cha maana. Dakika ya sabini yule mtu alikuwa ameshafunga daftari lake. Nilimwona akilifunga.

Halafu ikaja ile krosi kutoka kulia. Ilikuwa ndefu na ya taratibu, imeelea. Ilikuwa mpira wako tangu ilipotoka mguuni. Tangu tuko wadogo uani kwetu sheria yetu ilikuwa moja, kipa akiita beki anaacha, hata kama anaona ataupata.

Uliita. Uliita mapema, kwa sauti kubwa, mara mbili. "Wangu! Wangu!" Jua lilikuwa nyuma yako, si machoni. Ulitoka kwa wakati wake na mikono ilikuwa juu. Hukukosea kitu.

Nilikusikia. Nikaruka hivyo hivyo. Niliinua goti kama tunavyofundishwa, ili asinisogelee mtu, na nilijua kwamba mtu aliyeko nyuma ni wewe. Nilitaka tu yule mtu alifungue daftari lake. Niliupiga ule mpira kichwa ukafika katikati ya uwanja. Watu walishangilia, Sumaku. Walishangilia kwanza, ndipo wakaona umelala. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitazama jukwaani kabla sijakutazama wewe.

Kocha alipofika mbio akauliza, "Aliita?" Nikasema, "Hakuita." Lilinitoka kabla sijafikiri, na baada ya hapo sikuweza kulirudisha. Ulipozinduka ukaniuliza swali hilohilo, nikakujibu hivyohivyo, nikiwa nimekushika mkono ambao ulikuwa huusikii.

Miaka yote niliyocheza huku niliacha kila mpira ulioitwa, hata na adui. Nilifikiri nakulipa. Hukupata kitu chochote katika malipo hayo, najua.

Nimepata ruhusa ya wiki tatu. Tiketi ninayo mkononi, nafika tarehe 2 Septemba. Uliniambia una swali. Niulize lolote, nitakujibu kweli. Nitakaa chini karibu na kitanda chako, unitukane unavyotaka.

Kaka yako


16 Agosti 1998

Komeo,

Natumaini hujambo, na wifi na watoto. Huku jino la shemeji yako limeng'olewa. Sketi zimekwisha.

Barua yako ilifika Jumatatu iliyopita. Niliisoma peke yangu kwanza, kisha nikaosha uso, nikamkalisha Sumaku kwa mito, nikamsomea. Sikuruka neno. Nilipofika pale uliposema aliita, aliniambia nisome tena. Nikasoma. Akasema tena. Nilipasoma mara tano. Hakulia. Alisema, "Niliita," kwa sauti ndogo, kama anajaribu nguo.

Nilipomaliza nikakunja karatasi. Hukunitaja popote, nami ningeweza kuiweka mfukoni nikaenda kuchemsha maji. Kwa kitambo nilidhani nitafanya hivyo. Akanitazama. "Dada, wewe si ulikuwa ukisimama nyuma ya goli?" Nikasema ndiyo. "Na siku ile?" Nikasema na siku ile. "Ulisikia?"

Nikamwambia nilisikia.

Akaniomba nimlaze. Siku mbili zilizofuata alikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu aumie. Kila aliyeingia alimwambia: shemeji yako, muuguzi, jirani aliyekuja kuazima ngazi. "Niliita, unajua? Mara mbili." Aliagiza mwalimu wa wale wasichana aje, na alipokuja akamwambia, "Mwambie kipa wako nilimdanganya. Mimi niliita." Mwalimu hakuelewa kitu, alinitazama mimi, nikatazama sakafu.

Siku ya tatu nilimletea supu akafunga mdomo. Nilidhani ni ugonjwa. Jioni shemeji yako alipochukua kijiko, akafungua, akanywa bakuli zima. Tangu hapo ni hivyo. Kulishwa ni shemeji yako, kugeuzwa ni shemeji yako, kuoshwa ni muuguzi anayekuja Jumatano na Jumamosi. Nikiingia mimi, kwa kuwa shingo haigeuki, anafumba macho mpaka nitoke. Hanitukani wala haninung'unikii. Ningefurahi angenitukana.

Jibu lako amempa shemeji yako, naye amenipa mimi niliandike. Ni hili: "Mwambieni kaka nimesikia. Asije."

Nilimtuma shemeji yako amuulize kuhusu lile swali. Miezi saba nilikusumbua kwa ajili yake, nikiamini alitaka kukuuliza kama aliita. Sivyo. Alikuwa anafikiri kwamba kwa kutoita kwake alikufanya uvunje shingo ya mdogo wako mbele ya watu, ukalibeba jambo hilo maisha yako yote, na ndiyo maana huji nyumbani. Alitaka kukuuliza kama umemsamehe. Shemeji yako alipomuuliza kama bado analo la kukuambia, alisema halipo tena.

Daktari sasa anahesabu wiki. Tiketi irudishe. Cherehani nimeihamishia varandani, nashona nikiwa nimeupa mgongo mlango. Wakati wa chakula nasikia kijiko kikigonga bakuli, na kikinyamaza naingia kuchukua vyombo, yeye akiwa amefumba macho.

Dada yako